Siku tatu hazitoshi: Mlima Kenya kwa mtu anayetoka Tanga

Swali: Shikamoo mzee. Nafanya kazi bandarini hapa Tanga, nina miaka 31. Mimi na mdogo wangu wa kiume tumepata likizo ya siku 10 mwezi wa pili na tunataka kwenda kupanda Mlima Kenya. Wakala mmoja wa Nanyuki ametupa bei ya siku 3, kulala usiku 2. Anasema vijana wenye afya hawahitaji zaidi. Siku zitakazobaki tutembee Nairobi na Mombasa. Mlima mrefu tuliowahi kupanda ni wa Lushoto. Je, tutafika? Tupite njia gani, tubebe nini, na zile dawa za mlima tunywe au tusinywe?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Uwezo wa kufika mnao, na siku mnazo. Tatizo ni mgawanyo wake. Siku mlizotenga kutembea mijini ndizo mlima unazozidai. Nitakueleza sababu, kisha tuipange safari upya bila kuongeza hata siku moja ya likizo.

Mlima Kenya una vilele vingi, lakini vinavyotajwa sana ni vitatu. Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, ni vya wapanda miamba wenye kamba na ujuzi wake. Watembea kwa miguu kama ninyi huishia Lenana, mita 4,985, na huko ndiko wakala anakotaka kuwapeleka. Msione mmepewa kilele cha daraja la pili. 

Sasa hesabu. Ukiwa Raskazone, hapo ufukweni Tanga, unavuta hewa iliyoshiba. Ukiwa Lenana, kila pumzi unayovuta ina oksijeni ya nusu hivi na kidogo zaidi. Mwili una njia zake za kuizoea hali hiyo: unaongeza kasi ya kupumua, figo zinarekebisha damu, na taratibu chembe nyekundu zinaongezeka. Kazi hiyo inataka siku, na haiharakishwi na ujana, mazoezi wala moyo wa kishujaa. Ndiyo maana madaktari wa milimani wana kanuni ambayo nakuomba uikariri: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne weka siku ya kutopanda.

Iweke ratiba ya wakala juu ya kanuni hiyo. Siku ya kwanza mnatoka lango la Sirimon, mita 2,650, mnalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili mnakwenda kulala Shipton, mita 4,200. Hapo tayari mmeruka mita 900 kwa mkupuo. Mnalala saa chache, mnaamshwa saa nane usiku, mnapanda Lenana gizani, kisha siku hiyo hiyo mnateremka mpaka langoni, zaidi ya mita 2,300 chini. Wapo wanaoimaliza ratiba hiyo. Wengi wao wameishi Nanyuki au Nairobi, miji iliyo juu tangu mwanzo. Ninyi mnaolala usawa wa bahari msijipime nao.

Niliwahi kumpeleka kijana mmoja mzamiaji kutoka upande wa Pangani, mwenye mapafu ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Alitangulia kufika Shipton, akatusubiri ameketi juu ya jiwe anatucheka. Jioni akasukuma sahani ya chakula pembeni. Nikamuuliza, akasema ni uchovu tu. Saa tatu usiku nikalaza kamba ya hema chini, nikamwambia apite juu yake, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akayumba, ya nne akaweka mkono chini. Hatukujadiliana. Tulimvisha, tukawasha taa za kichwani, tukateremka naye usiku ule ule, wapagazi wawili wakimshika kwapani. Alfajiri, tukiwa tumeikaribia Old Moses, aliomba chai mwenyewe. Angelala pale juu mpaka asubuhi, sijui ningewaambia nini wazazi wake.

Kwa hiyo mjifunze dalili kabla ya kujifunza njia. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na kukosa usingizi ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Mtu hapandi tena mpaka dalili ziishe, na zikizidi anateremka. Akianza kuyumba kama mlevi au kuchanganya maneno, ubongo unavimba. Akihema ilhali amekaa, akikohoa povu au midomo ikigeuka rangi, mapafu yanajaa maji. Hali hizo mbili hazingojei kuche. Tiba yake ya kwanza ni kuteremka, mita 500 hadi 1,000 kwa uchache, na dawa au oksijeni hutumika wakati mkiteremka. Mdogo wako mwambie mapema, mkiwa bado nyumbani: mlimani kuficha maumivu ya kichwa si uanaume. Kila jioni na kila asubuhi muulizane, na kila mtu ajibu kweli.

Ratiba ninayokushauri ni hii. Jumamosi ondokeni Tanga alfajiri kwa basi la Arusha, mpite Segera, Korogwe na Same, mlale Arusha. Jumapili vukeni mpaka wa Namanga, mlale Nairobi. Jumatatu pandeni matatu ya Nanyuki, mwendo wa kilomita 200 hivi, mlale huko. Najua watu wa Tanga hukimbilia mpaka wa Horohoro kwa kuwa ni karibu, lakini kwa kwenda nataka mpite Namanga kwa makusudi. Arusha iko mita 1,400, Nairobi karibu 1,700, Nanyuki zaidi ya 1,900. Mtakuwa mmelala usiku tatu mkipanda ngazi polepole bila kulipa ada ya hifadhi hata senti. Mkipitia Mombasa mtabaki usawa wa bahari mpaka siku ya pili.

Jumanne mnaingia Sirimon na kulala Old Moses. Jumatano hamuhami. Mnatembea juu mpaka karibu mita 3,700, mnakaa saa moja, mnarudi kulala pale pale. Alhamisi mnakwenda Shipton. Huu ndio mguu mrefu, saa sita au saba, na ndio mzuri kuliko yote: mnavuka mabonde, mnaingia bonde la Mackinder lenye ile mimea mirefu kama nguzo zilizovishwa manyoya, na vilele vinawasimamia mbele. Ijumaa tena hamuhami. Pandeni mita 300 hivi juu ya kambi, taratibu, mrudi kula na kulala mapema. Mruko wa mita 900 bado upo, maana mabanda yamejengwa yalipojengwa, ila sasa kila upande wake mna usiku wa pili wa kuuzoea. Jumamosi, saa tisa kasoro usiku, ndipo mnaianza safari ya Lenana. Saa tatu au nne za kupanda zitawafikisha jua likichomoza.

Siku hiyo ya kuteremka ni ndefu na magoti yatalalamika. Mkiwa wazima fikeni Nanyuki jioni. Jumapili asubuhi na mapema mnashuka Nairobi kuwahi treni ya alasiri kwenda Mombasa, mnalala Mombasa, na Jumatatu mnavuka Likoni kuelekea Lunga Lunga na Horohoro. Chakula cha usiku mnakula Tanga. Mkichoka sana Jumamosi, laleni Old Moses, kisha Jumapili mchukue treni ya usiku. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya katikati ya mji, na mizigo hukaguliwa na mbwa kabla ya kuingia, kwa hiyo fikeni saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka. Tiketi zikateni mapema, hasa za mwisho wa wiki.

Hati za safari. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana kwa vitambulisho vya taifa. Sisi Watanzania hatumo kwenye utaratibu huo, hivyo kadi ya NIDA peke yake haikuvushi. Unataka pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10, au hati ya dharura ya safari ambayo ni ya muda mfupi. NIDA bado unaihitaji kwa kuombea pasipoti, na alama za vidole mtatoa ofisi ya Uhamiaji. Viza ya Kenya hamhitaji, wala ule usajili wa mtandaoni ambao Kenya iliuanza Januari 2024, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki wamesamehewa. Akitokea mtu anataka kuwauzia fomu hiyo, mpiteni. Namanga na Horohoro ni vituo vya pamoja: mnagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Hakikisheni imegongwa yote miwili, mhesabu kabla ya kuondoka dirishani.

Kadi ya njano msiidharau. Wanaokwenda mara nyingi husahau kwamba swali la homa ya manjano huja wakati wa kurudi, kwa sababu Kenya ni nchi yenye ugonjwa huo na Tanzania hutaka kinga kwa anayetoka huko. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi hiyo, tangu Julai 2016, ni ya maisha, kwa hiyo kama mmoja wenu aliwahi kuchanjwa aitafute kabatini kwanza.

Afya nitakaa nayo kidogo, kwa sababu washauri wengi wa mlima huandika wakiwafikiria watu wa Ulaya, wakaruka mambo yetu ya pwani. La kwanza ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtu mwenye ugonjwa huo hapaswi kupanda huko kabisa, na hata anayebeba nusu ya vinasaba vyake, akiwa mzima siku zote, anaweza kupata shida ya bandama kwenye hewa nyembamba. Huku kwetu wapo wengi wasiojua hali yao. Nendeni hospitali ya Bombo au maabara nyingine inayoaminika mpime nyote wawili, hasa kama kuna ndugu aliyewahi kuugua, na majibu mpelekeeni daktari kabla hamjalipa hata shilingi ya safari. La pili ni malaria. Homa na maumivu ya kichwa yakimshika mtu wa Tanga akiwa mita 3,300, yaweza kuwa mwinuko, yaweza kuwa mbu wa wiki mbili zilizopita. Pimeni malaria siku mbili kabla ya kuondoka. Kiongozi wenu pia mwambieni mmetoka wapi ili asisahau uwezekano huo, ila kama mko juu na hamna uhakika, teremkeni kwanza, kipimo kifuate.

Dawa uliyoiuliza ni asetazolamaidi, inayojulikana kwa jina la Diamox. Inafanya kazi kweli: inausukuma mwili upumue zaidi, na hivyo uzoee haraka. Dozi ya kujikinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze daktari wazi, na vivyo hivyo mjamzito au mwenye matatizo ya figo. Itawakojoza mara kwa mara na kuwachomachoma vidole. Mwombe daktari mwijaribu siku mbili mkiwa nyumbani, si mlimani. Kwa ratiba ya siku tano niliyokupa, watu wengi hupanda bila hiyo. Kwa ratiba ya wakala isingetosha kuwaokoa. Vidonge vya usingizi na pombe acheni chini, vyote huzubaza upumuaji usiku.

Mwezi wa pili mmeuchagua vizuri kwa hali ya hewa. Januari na Februari ni kiangazi kule, njia kavu, asubuhi mbingu safi. Machi mwishoni mvua za masika zinaanza. Ila kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, na hujaniambia kama mnafunga. Angalieni kalenda kabla ya kulipa. Mwili unaopanda unataka maji lita tatu au nne kwa siku na chakula hata pale usipokitamani, na sijaona mtu akifunga na kupanda salama. Suala la ruhusa ya msafiri mwulizeni shehe wenu. Mimi ningesogeza likizo, au ningeipeleka Julai hadi Septemba, ambao nao ni msimu mzuri.

Nguo: joto la Tanga litawadanganya wakati wa kufunga begi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi sita hivi, na usiku wa Shipton maji ya kwenye chupa huganda. Pamba ni adui. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na upepo ukiipiga unatetemeka mpaka meno. Karibu na ngozi vaeni fulana za michezo za nailoni au za sufu, juu yake sweta la flisi, juu yake jaketi nene, na mwisho koti na suruali visivyopitisha maji. Jinzi ziacheni Nairobi kwenye begi la mjini. Mitumba ya soko la Mgandini ukiichambua kwa subira utapata flisi na majaketi ya maana kwa bei ndogo sana. Angalia zipu, na ujaribu koti kwa kulimwagia maji kidogo mkononi. Begi la kulalia la baridi kali na fimbo za kutembelea kodini Nanyuki, msinunue.

Buti ndizo msizokodi. Zinunueni sasa, mzivae kazini, sokoni, kila mahali. Jumamosi mbili au tatu nendeni Amani au Magamba mtembee saa sita mkiwa na begi la kilo saba mgongoni. Usambara haitawazoesha mwinuko, maana hata kilele cha Magamba hakifiki mita 2,500, lakini itawaonyesha malengelenge yanatokea wapi. Kata kucha za miguu fupi siku mbili kabla ya kupanda, la sivyo wakati wa kuteremka utazipoteza. Mbebe pia glavu nene, kofia ya sufu, miwani ya jua, mafuta ya kuzuia jua (weusi wetu hautoshi kwa jua la ikweta mita 4,000), na taa ya kichwani yenye betri za akiba. Simu na betri hulala ndani ya begi la kulalia pamoja nawe, pamoja na chupa ya maji ya kunywa usiku wa kilele.

Chupa hizo ziwe za chuma au za plastiki ngumu ya kutumia tena. Tangu 5 Juni 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi zake, pamoja na zile chupa za maji tunazonunua stendi. Mifuko ya plastiki ilikatazwa nchi nzima tangu Agosti 2017. Maji ya vijito vya mlima yanaonekana safi kama ya mvua, lakini yachemsheni au mtie vidonge.

Fedha badilisheni benki au duka la fedha, si kwa vijana wa mpakani. Malipo ya lango hufanywa kwa mfumo wa eCitizen wa serikali ya Kenya, hivyo usiende na bahasha ya noti ukitegemea kulipia pale. Muhimu zaidi: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lina bei ya raia wa Afrika Mashariki iliyo chini kabisa ya bei ya mgeni wa ng'ambo. Mtumie wakala kurasa za kwanza za pasipoti zenu, na bei aliyowapa muirudie mstari kwa mstari. Kama alihesabu ada ya mgeni, tofauti hiyo peke yake huenda ikalipia sehemu kubwa ya zile siku mbili za nyongeza.

Bima: kadi ya matibabu unayotumia hapa msiitegemee ng'ambo mpaka mwenye bima akuandikie. Amref Flying Doctors, walioko uwanja wa Wilson, Nairobi, wana uanachama unaoitwa Maisha wa kusafirisha wagonjwa kwa ndege. Waulizeni kwa maandishi kama unafika mlimani na mpaka mwinuko gani.

Leo hii mwandikie wakala. Mwambie mnataka siku tano kwa njia ya Sirimon, usiku wawili Old Moses na wawili Shipton. Ataje jina na leseni ya kiongozi, idadi ya wapagazi na uzito watakaobeba, kama ana oksijeni, na nani analipia gari kama mmoja wenu atateremshwa katikati ya safari. Na aandike wazi kwamba mmoja akiugua, kiongozi mmoja anateremka naye na mwingine anabaki na aliye mzima. Ninyi ni wawili, kwa hiyo lazima pawe na kiongozi na msaidizi wake. Akisema hilo halihitajiki, tafuteni wakala mwingine. Nanyuki wapo wengi.